Ulivyoniuliza Justin Yuko Wapi

Yaya Nadine, dada yangu,

Maman wetu ametuacha duniani Jumapili. Kabla hajaenda aliniomba nikuandikie, na sikuweza kumkatalia.

Siku hizi ninafundisha vijana wa hapa Bukavu wanaobuni programu za simu. Wanataka kujua namna ya kuuliza watu maswali kabla ya kutengeneza kitu. Ninawapa yale uliyonipa wewe. Hawajui nimeyapata kwa nani, na jina lako silitaji.

Unakumbuka kule Katana, wakati wa vita? Shirika letu dogo lilikuwa linatengeneza mbabula, majiko ya udongo, ili akina mama waliokimbia kutoka Bunyakiri wapikie kwa kuni chache. Nilikuwa mpya kazini. Nikamwonyesha mama mmoja ile ya kwanza, nikamuuliza, "Maman, mutaipenda?"

"Ndiyo, iko muzuri sana."

Nikafurahi. Wewe ukanivuta pembeni. "Aline, huyu anangojea musaada wetu. Atasema nini zaidi ya ndiyo? Muulize jana alipika namna gani, kisha unyamaze."

Ukaketi naye chini, ukauliza hivyo, ukanyamaza. Na mimi nilitaka kuongea, ukanibana goti. Yule mama akaanza polepole: anapika ndani ya hema kwa sababu ya upepo, mtoto mgongoni, na sufuria yake ni kubwa kwa kuwa anawalisha na watoto wa marehemu dada yake. Mbabula yetu isingeibeba. Tukarudi tukaibadilisha. Njiani nilikutazama nikasema moyoni: nikue niwe kama yaya.

Msimu uleule askari walioshika mji walimkamata mume wako. Walikuwa wanamtafuta pia Justin, mchumba wangu, mwalimu, kwa maneno aliyosema kwenye mkutano wa wazazi. Alijificha mtaa wa Kasha kwa mama yake wa ubatizo. Katika familia yetu ni mimi peke yangu niliyejua.

Ukaja nyumbani mchana mmoja, ukanikuta natwanga sombe, majani ya muhogo. Ukanipokea mchi.

"Mudogo wangu, umekonda. Unalalaka?"

"Hapana, yaya."

"Mara ya mwisho ulimuona Justin, ilikuwa namna gani?"

Kisha ukanyamaza.

Nikakuambia yote. Njia ya kupita, mlango wa bluu, migomba nyuma ya nyumba, jinsi alivyoshtuka nilipobisha. Nililia begani kwako, ukanifuta machozi kwa kitenge chako. Kesho yake, kabla ya adhuhuri, walimchukua.

Mume wako aliachiliwa muda mfupi baadaye. Maman aliimba jikoni kwa furaha. Mimi nilikutazama, na wewe hukuinua macho. Nikakufuata uani.

"Yaya, ni wewe?"

"Niko na batoto, Aline. Ungekuwa mimi, haungefanya vile?"

Swali la namna hiyo, lenye jibu lake ndani, ulinikataza wewe mwenyewe kule Katana. Ungenijia wazi ukasema wanamtaka Justin ndipo wamrudishe baba wa watoto wako, labda ningekufukuza, labda tungelia pamoja tukatafuta njia. Lakini ningejua naulizwa nini. Ulinichukulia mtu wangu huku umenikumbatia.

Justin alirudi baada ya miezi mingi, mkono wa kulia haukunjiki hata kushika chaki. Akaniuliza nani mwingine alijua. Nikamweleza jinsi ilivyokuwa. Alinisikiliza hadi mwisho, akanishukuru kwa kumwambia ukweli, akaondoka. Ameoa mbali. Ninyi mlikuwa mmeshavuka mpaka na watoto, bila kuniaga.

Kuna jambo moja ninawaongezea wanafunzi wangu ambalo sikulipata kwako. Kabla ya swali la kwanza, mwambie mtu kwa nini unamuuliza, na maneno yake yataenda wapi. Akikataa, simama, mshukuru, uende. Wanaandika haraka, wanadhani ni adabu tu.

Maman hakujua kitu. Nilimficha miaka yote ili asife akiwa amepoteza binti, na mwishoni alikuwa anakuita wewe.

Basi njoo umlilie. Nyumba ni ya papa, baba yetu sote, siwezi kukufungia mlango. Chumba chako nimekitandika, na watoto wako nitawapikia, hawakunikosea. Kaa matangani kadiri unavyotaka. Ila mimi, yaya, usiniulize kitu.

Mdogo wako,
Aline