Bibi Harusi wa Mzee Ndevu

4 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Wifi yangu na watoto hawajambo? Mimi nimetoka hospitali, mshono umekauka, na leo nimekaa tena kwenye cherehani. Afya ipo, ila moyo unachemka.

Nilikuachia ufunguo uwalishe samaki wangu. Nimerudi nakuta majike wanazunguka tangi na pango liko tupu. Jirani alikuona ukitoka na ndoo. Mzee Ndevu yuko wapi? Usiniambie amekufa, maana maiti ya samaki haibebwi kwenye ndoo ya maji.

Unajua yule si pambo. Marehemu mume wangu alimlea tangu hajaota hata unywele mmoja usoni, akamkatia pango la bomba la udongo kwa mikono yake. Humu ndani hakuna kiumbe kingine kilichobaki kilichomjua marehemu. Nirudishie, yaishe.

Dada yako

11 Machi

Dada, shikamoo.

Tumefurahi umepona. Huku sote wazima, wifi yako anakusalimu sana.

Kweli, Mzee ninaye. Lakini usinirukie kabla hujamwona! Nimemweka kinyozini kwangu, tangi liko karibu na kiti. Wateja wakimwona amenata kwenye kioo na zile ndevu zake zenye matawi wanasahau hata foleni. Kinyozi mwenye samaki wa ndevu, nani mwingine anaye? Kinyozi wa ng'ambo ya barabara amenuna mpaka basi.

Wewe una majike na vijana kibao, umepungukiwa mmoja tu unalia? Samaki ni samaki, dada. Tena nimeshatangaza kwamba Mzee atazalia hapa hapa, na wateja wangu wa kudumu watagawiwa watoto. Sasa nikimrudisha niuweke wapi uso wangu?

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba. Natumaini wote mko salama. Mimi nimepata nguvu, hata ngazi napanda.

Nisamehe, zile zilikuwa hasira za mgonjwa. Umesema kweli, samaki ni samaki. Kaa naye, mimi simtaki tena. Lakini Mzee atazaa na nani, na kioo? Nimemkabidhi kondakta wa basi bibi harusi, yumo ndani ya mfuko wa maji. Mtazame uso: laini, hana ndevu hata moja. Mwenye ndevu ndiye dume, hilo hata wewe unalijua.

Mpe tango, mpe gogo la kuguguna, mpe muda. Na usiwaoneshe watu wa duka la samaki, wana vijicho. Ila wateja waalike harusini kabisa.

Dada yako

20 Julai

Dada, shikamoo.

Huku hatujambo, isipokuwa mimi.

Bibi harusi ameota ndevu.

Zilianza kama vipele mdomoni, nikadhani ni ugonjwa, nikatia dawa. Wakati huo tangi limefungwa utepe mweupe, na watu wameshachagua majina ya watoto. Jumamosi, watu wamejaa, fundi viatu akainama kwenye kioo akasema, "Kinyozi, bibi harusi wako yuko kwenye foleni, anataka kunyolewa." Walicheka mpaka niliyekuwa namnyoa akatikisika nikamkwaruza sikio. Sasa kinyozi wa ng'ambo ananipigia vigelegele kila nikifungua mlango.

Na hao mabwana wawili wamegombania pango nililowanunulia. Mzee ameshindwa, ametolewa nje.

Niambie tu ulikosea, dada.

Mdogo wako

1 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Hali yangu? Sijawahi kuwa mzima hivi. Barua yako nimeisoma huku mguu umenitoka kwenye cherehani kwa kucheka.

Sikukosea. Yule ni mtoto wa Mzee mwenyewe, dume, nilimchagua kwa sababu ndevu zake zilikuwa bado hazijachomoza. Uliniibia nikiwa nimelala na mshono tumboni, kisha ukajiita mfugaji mbele za watu. Nilitaka uchekwe, umechekwa, na roho yangu imeshuka. Kila nikifikiria vile vigelegele nashona vizuri zaidi.

Sasa ngoma droo. Mtoe Mzee mahali hapo kabla kijana hajamuumiza, mpakie kwenye basi, ndoo iwe na mfuniko wenye matundu. Jike wa kweli nitakuletea mwenyewe. Pango nimeshalisugua, linamngoja.

Dada yako

9 Agosti

Dada, shikamoo.

Wifi yako ameniambia nisikujibu. Nakujibu.

Mzee hayupo. Alikuwa anajibanza kwenye kona, pezi limechanika. Kabla barua yako haijafika, alikuja dereva wa lori kunyolewa, mpita njia, akamwonea huruma. Nikampa. Jina simjui, anakoelekea sikuuliza. Alimtia kwenye ndoo ya rangi akaondoka naye.

Siku ile waliyonicheka nilimtoa ili nikurudishie, maana sikutaka hata kumwona. Nikasimama naye kituo cha basi. Kisha nikakumbuka uliniandikia humtaki tena. Nikaona nitakuwa nakutupia mzigo, nikarudi naye. Neno moja tu dada, ungesema bado unamtaka.

Jike usihangaike. Kinyozi wa ng'ambo alipochoka kucheka alininunulia mmoja. Kijana wako yumo pangoni, anapepea mayai kwa mapezi, hatoki hata kula. Wateja wanaingia kwa zamu kumtazama. Asante kwa zawadi.

Mdogo wako

3 Septemba

Mdogo wangu,

Pengine barua niliyokujibu mwezi uliopita ilipotea njiani. Na ile iliyoifuata pia.

Sikuulizi yuko wapi, wala sitaki ugomvi. Nijibu hili tu. Ile ndoo ya rangi, ilioshwa kwanza?

Dada yako