Nilisema Tembo Lina Maji

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na kuomba sikuzoea, kwa hiyo unisome mpaka mwisho usinikatize. Miye ni bibi mwenye wajukuu tisa, shule yangu ni ile miezi ya kungoja ubatizo kwa masista basi, mwandiko ukipinda uunyooshe wewe uliyesoma.

Hapa kwetu Kisarawe, njia ya kwenda Maneromango, tuko marafiki watatu tangu tukiwa wari, miye na Redempta na Tatu, na kila Jumapili miye na Redempta tukirudi Misa tunamkuta Tatu ukumbini kwa Redempta anatungoja, tunakaa kuonja tembo la mnazi, na usianze kukunja uso, sikusema kulewa, nimesema kuonja. Vibuyu ni vitatu, kimoja cha Mzee Kondo, mumewe Redempta, ambaye amegema minazi tangu hajaota ndevu, kimoja cha Twalibu, kijana wa Maneromango mwenye maneno mengi, na kimoja cha Isihaka wa Pangani ya Kibaha, hicho huja na lori la muhogo na kikifika kimekwisha kuwa kikali. Tatu ni Mwislamu, halionji, ndiyo maana yeye ndiye mwenye kumimina, anatugeuza nyuso ukutani kama watoto, anajaza vikombe vitatu, hatujui kipi kimetoka kwa nani, kisha tunaonja kimoja kimoja na katikati tunatafuna muhogo wa kuchoma ili kinywa kisahau, halafu miye natoa hukumu, hili la mnazi wa bondeni, hili limegemwa jana, hili kibuyu chake hakikuoshwa, na miaka ishirini na miwili sijakosea, hata wagema wenyewe wanalijua hilo, waulize.

Basi masika haya nikaugua homa, nikapewa kwinini mpaka masikio yakavuma, homa ikaondoka na ulimi wangu ikaondoka nao. Chumvi siijui, sukari siijui, pua nayo haisikii hata samaki akiungua. Sikumwambia mtu. Jumapili tatu nilidanganya, nilimwacha Redempta aseme kwanza kisha nikasema yale yale yake kwa maneno makubwa zaidi, wakatikisa vichwa kukubali, nikashukuru Mungu.

Jumapili ya nne Redempta jino lilikuwa linamuuma, akasema, "Leo anza wewe, mwenzangu." Nikaonja cha kwanza, maji. Cha pili, maji. Cha tatu, maji. Nikakaa kimya, na Tatu kwa mdomo wake ule akasema, "Hakimu amelala, tumwamshe au tumfunike?" Nikaona nikizidi kunyamaza watanijua, nikashika kikombe cha pili, sijui hata kwa nini cha pili, nikasema, "Hili limetiwa maji."

Tatu akasema, "Onja tena."

Nikasema, "Tangu lini narudia?"

Akasema polepole, "Hicho cha Kondo."

Na Kondo mwenyewe alikuwa pale mlangoni ananoa kotama yake, kile kisu cha kugemea. Wewe wa mjini labda hujui, lakini kumwambia mgema tembo lako lina maji ni kumwambia mwizi mbele ya watu, tena hiyo methali ya mgema na sifa kila mtoto anaijua. Redempta akasimama na jino lake, akasema, "Mume wangu hajatia maji tembo tangu anioe." Nilipaswa kusema hapo hapo. Ulimi huu usiojua kitu ukakataa pia kusema. Na Kondo, angenitukana ningepona, lakini hakunitukana, alisema, "Mwache shemeji, Mama watoto. Shemeji akisema maji, ni maji. Labda mvua imeingia kibuyuni sikuiona. Labda macho yangu ndiyo yamekwisha." Akaichomeka kotama yake kwenye makuti ya paa, akaenda zake shambani.

Leo ni juma la tatu hajapanda mnazi. Karara, lile chipukizi la ua la mnazi litoalo tembo, lisipokatwa kila asubuhi na kila jioni hukauka likaacha kutoa, sasa minazi yake sita imekwisha kukauka, imebaki miwili ambayo Redempta amemsihi jirani aikate kate isife. Na habari imekwisha kutembea, Kondo akipita kwa Twalibu vijana wanaisema ile methali mgongoni pake, naye anavua kofia anawasalimu.

Redempta hakunifungia mlango. Siku ya nne aliniletea mbaazi za nazi bakuli zima, nyingine nikazimimina sufuriani, akakaa mbele yangu ananitazama nikila mpaka mwisho, nikamwambia zimekolea kama kawaida ya mkono wako, akatikisa kichwa, akachukua bakuli lake akaenda. Mjukuu wangu akakomba zilizobaki sufuriani, akakunja uso, akanywa maji kata nzima, nikamkaripia kwamba chakula cha watu hakidharauliwi, na ni huyo huyo mjukuu anayeolewa mwezi wa nane, na tembo la arusi alikuwa ameahidi kuligema Kondo, kwa mapenzi yake mwenyewe, kwa kuwa msichana huyu alizaliwa siku moja na mwanawe aliyefariki. Sasa wanangu wananiuliza, "Mama, wewe ndiye mwonjaji, tumwendee Twalibu?" Nawajibu ngojeni. Watangoja mpaka lini?

Nimewaza nimtume mtu amshawishi Kondo ageme kibuyu kimoja tu, nikionje mbele ya watu nikisifu mpaka kipasuke, jina lake lirudi na langu libaki. Au nikae kimya mpaka Mungu anirudishie ulimi. Maana nikisema ulimi umekufa, miye nitakuwa nani hapa? Vikongwe wa kuota jua wako wengi, hawahitaji wa kuongeza.

Nishauri, lakini usinifundishe adabu, nimeifundisha hiyo kabla hujazaliwa. Na jina langu msilitie, maana Mwalimu Wilbrod hulisoma gazeti lenu kwa sauti barazani, na watu wanakuja mpaka wenye vikohozi.

Miye, bibi wa Kisarawe.

*

Bibi mwenzangu,

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama nimekuzidi, marahaba, na unisikilize vizuri, kwa sababu na mimi nina wajukuu, ni kumi na mmoja, na wewe huniogopeshi.

Pole kwa homa. Hilo nalisema kwa moyo wote. Mtu kupotewa na ladha ya chakula chake uzeeni ni msiba, na wewe umeukalia peke yako kama kuku anayeatamia jiwe. Nenda zahanati ukamwambie bwana mganga, wengine hurudiwa baada ya miezi, wengine hapana. Lakini yako hayangoji zahanati.

Tembo mimi silijui, dini yangu hainiruhusu. Uongo naujua. Ule wa kwanza ulikuponyoka kwa hofu, na mtu mwenye huruma anaweza kuuelewa. Huu wa pili unaoupanga sasa, wa kusifu kibuyu usichokionja, huo ni wa makusudi. Umemwangusha mzee wa watu kwa ulimi mfu, sasa unataka kumwinua kwa ulimi huo huo mfu. Akijua, je? Atakuwa hana hata sifa ile ya zamani, kwa sababu atajiuliza kama nayo ulikuwa unamtupia tu.

Halafu soma tena barua yako mahali pa mbaazi. Mke wa mgema, rafiki yako tangu ujana, anakuletea chakula, anakaa kukutazama mpaka mwisho, na aliyekikomba baada yako anakimbilia maji. Bibi, mbaazi zile zilijaa chumvi. Redempta alikuwa anakupima. Anajua. Anajua tangu siku ile na hajamwambia mumewe, hajamwambia Tatu, hajamwambia mtu, maana angesema watu wangekucheka. Ameacha minazi ya nyumba yake ikauke ili wewe upate nafasi ya kusema mwenyewe. Sijui umemfanyia nini huyo mwanamke mpaka akupende hivyo, lakini usimngojeshe zaidi.

Unauliza utakuwa nani. Utakuwa rafiki wa Redempta. Tatu atakutania mpaka umchoke, na Jumapili atakupa muhogo kama kawaida.

Sasa fanya hivi. Usitume mtu. Usingoje Jumapili. Nenda asubuhi, na Tatu umchukue, kwa kuwa tusi lilisikiwa na watu na lazima lifutwe wakiwapo. Usianze na homa wala kwinini, hizo ni njia za kuzunguka. Mwambie, "Kondo, tembo lako halikuwa na maji. Ulimi wangu hauonji kitu tangu masika, nami niliona haya kusema." Halafu unyamaze. Najua kwako hilo ndilo gumu. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki, anakudai hasira hiyo majuma matatu hajaichukua. Akicheka, usicheke kabla yake. Kisha mwombe, wewe mwenyewe, ashushe ile kotama kwenye makuti, na umwombe tembo la arusi ya mjukuu wako mbele ya wanao, wasikie kwa masikio yao. Minazi miwili haitoshi arusi, najua hata mimi nisiyejua. Yeye ndiye mgema, atakuambia makarara mengine yanahitaji siku ngapi, na kila siku unayokaa nyumbani unampunguzia siku hizo.

Kuonja mwachie Redempta mpaka ulimi urudi. Wewe kaa karibu yake. Watu wakikuuliza hili likoje, sema, "Mwulizeni yeye."

Mwisho, jambo la jina. Umeniomba nisilitie, nami sikulitia. Lakini umemtaja Kondo, umemtaja Redempta na Tatu, mpaka jino linalouma umelitaja, na Kisarawe si Ulaya. Kuficha majina ya wote nisingeweza, barua ingebaki makapi. Ndiyo maana jibu hili nimelitanguliza kwa posta, liko mkononi mwako, na gazeti litapigwa chapa majuma mawili kutoka leo. Mwalimu Wilbrod akikaa barazani kulisoma, Kondo awe amekwisha kuyasikia haya kinywani mwako.

Bi Mwamini