Muntu mu Usine ya Bunga

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 2/6/2025

Kazi ya kuandika bantu imeanza leo. Kwartier ya ma-usine ya zamani, zile viwanda benye kufunga, nyuma ya gare ya treni. Banasema itakuwa muji mupya: chini maduka, juu nyumba za kulala, nyumba ya masomo ya batoto, dispensaire ya bagonjwa, miti pa katikati. Clément, chef wetu, alitandika plan juu ya gari yake, sisi bote tukainama. Ni muzuri, sitasema uongo. Ma-hangar ya mabati ya kutu, hata moja haionekane pale.

Clément alieleza polepole. Kila mulango unapata numero ya rangi nyekundu. Kila muntu anapata fishi: jina, foto, mwaka alifika humu. Chini, signature ya ule mwenye aliandika. Mwenye iko mu liste atapewa fasi mu nyumba mupya. Mwenye haiko, mashine ya kubomoa itamukuta na bintu yake ndani. Liste inafungwa siku ya tano, tarehe 13. Kisha itabandikwa ku ukuta wa ofisi ya commune, kila muntu asome.

Natembea na Abigaël. Binti wa miaka makumi mbili na tatu, anabeba tablette ya foto, anacheka na kila muntu.

Tulipita mbele ya usine ya bunga. Mulango wa chuma ni ule ule. Hapa njo nilikuwa naletea Ruphin chakula ya saa sita, wakati tulikuwa bachumba. Alikuwa mécanicien wa mashine za kusaga. Usine ikafungwa, akaingia mu biashara ya samaki ya Kilwa, ile ya ku ziwa, na ziwa ikamukamata. Yeye, bwana yangu wa kwanza, na ndugu yangu mudogo Jephté — mutumbwi moja, siku moja. Miaka kumi sasa.

Abigaël aliuliza natazama nini. Nikasema vumbi.

Siku ya pili, 3/6

Milango makumi ine na moja. Muzee mwenye anatengeneza mbabula, majiko ya makaa, mu hangar ya sabuni hakuamini kama tunamuandika bure. Familia moja ya Kasai inaishi mu bureau ya directeur. Banaweka sukari mu coffre-fort, sanduku ya chuma ya feza. Mama wa nyumba alitufungulia tuone, anajivuna kabisa.

Baridi ya mwezi huu inaingia mpaka mu mifupa. Alphonse, bwana yangu wa sasa, alinipashia maji ya kuoga kabla nifike. Bwana muzuri. Naandika hii juu ya kuwa ni kweli.

Siku ya tatu, 4/6

Ruphin iko muzima.

Naandika tena, mukono ukubali: Ruphin iko muzima.

Ilikuwa saa ine ya asubuhi. Usine ya bunga, nyuma kabisa, mu chumba ya moteur. Abigaël alibaki inje kuandika 67 ku mulango. Mimi niliingia. Harufu ya mafuta ya mazout ya zamani. Muntu alikuwa ameinama, anakaza kamba ya kitanda yake, mugongo kwangu.

Nilisema: "Jambo, Papa. Tuko bantu ba projet. Jina ya Papa?"

Aliendelea kukaza kamba. Nikarudilia.

Akasema, bila kugeuka: "Mado, usiandike."

Sauti — nilijua sauti kabla ya kusikia maneno.

Kisha aligeuka. Ndevu nyeupe. Jino moja ya mbele haiko tena. Amekonda. Lakini ni yeye. Kalamu ilinianguka. Akaiokota, akanipa na mikono mbili, vile banapa mugeni.

Abigaël alilalamika kule inje kama rangi inakauka, kuko muntu ao hakuna? Nikamujibu hakuna, tutarudi. Uongo wangu wa kwanza mu kazi hii.

Nilinyolewa kichwa juu ya huyu muntu. Nilivaa nyeusi mwaka muzima. Plamedie, mutoto wetu, alikuwa na miaka tano, tukamufundisha kuomba juu ya baba yake mwenye iko mbinguni. Kisha Alphonse. Tulioana ku kanisa, mbele ya bote, na Nono amezaliwa, iko na miaka sita. Sasa mimi ni bibi ya nani?

Siku ya ine, 5/6

Nilirudi peke yangu. Abigaël nilimutuma ku hangar ya sabuni.

Alikuwa amefagia. Ameweka kiti moja pa katikati, ya mimi kukaa. Sikukaa. Nilimuuliza: "Miaka kumi, ulikuwa wapi?"

Alieleza kama muntu mwenye alijifunza maneno kwa kichwa. Upepo. Mutumbwi uligeuka. Balobaji ba samaki ba ngambo ya Zambia balimuokota. Aligonjwa kule miezi mingi, hakujua hata jina ya mwezi. Kisha akarudi na njia ya Mokambo, ku mupaka, mu camion ya sukari. Alifika ku avenue yetu siku ile ile ya kuondoa matanga. Aliona biti ya bageni inje. Alisikia pasta anasoma majina mbili, yake na ya Jephté. Alisikia mama yangu analia.

"Miguu ilikataa," alisema. "Nilisema nitaingia kesho. Kesho yake nikasema kesho."

Mulinzi wa usine alikuwa rafiki yake wa kazi. Alimuficha. Mulinzi akakufa, yeye akabaki na funguo.

"Siku ya ndoa yako nilijua," alisema. "Nikasema, sawa, sasa nimekufa kabisa."

Kutoka kwangu mpaka pale ni nusu saa ya miguu. Nusu saa! Nimenunua bunga ku soko ya pembeni miaka yote ile.

Nilimupiga kofi. Sijawahi kupiga muntu mukubwa. Hakujifunika. Nikatoka.

Siku ya tano, 6/6

Sikula. Alphonse anasema ni malaria, alileta dawa na glasi ya maji, akangojea mpaka nimeze. Nikameza dawa ya ugonjwa sina.

Siku ya Mungu, 8/6

Kisha kutoka kanisa, Mama Chisanga alikuja. Mama yake Ruphin. Anatoka kule Annexe, inje ya muji, kila mwezi na mboga ya lengalenga na bilazi ya Plamedie. Ruphin alikuwa mutoto wake wa pekee. Alphonse alimupokea muzigo, akamupa kiti yake mwenyewe, vile anafanyaka siku zote.

Alisema magoti yanakataa jembe. Kisha akauliza mambo ya kazi yangu. Alisikia banaandika bantu juu ya kubapa nyumba mu muji mupya. Je, jina yake haiwezi kuingia? Kuuza mboga chini, kulala juu, bila kutembea tena.

Nilimweleza ni bantu benye kuishi mule tu, na bantu ba jamaa yao.

"Basi, mwana," alisema, "mimi sina muntu mule."

Nilienda mu jikoni, nikaweka kitambaa mu kinywa.

Siku ya pili, 10/6

Leo nilikaa ku kiti ya Ruphin. Nilimwambia: elezea mambo ya Jephté.

Mama yangu alikufa anauliza neno ile moja: nani alimuona mutoto wangu mara ya mwisho? Hakuna muntu alikuwa na jibu. Jibu ilikuwa humu, mu chumba ya moteur.

Ruphin alitazama mikono yake.

Alisema balikuwa bawili juu ya bidon moja, ile ya mafuta, ya manjano. Jephté hakujua kuogelea. Bidon ilikuwa inazama na bote bawili. Jephté aliiachilia, akamushika ku shingo, bakashuka, bakapanda, bakashuka tena.

"Nilitoa mikono yake," alisema. "Kidole kwa kidole, Mado. Kisha nikamusukuma na muguu."

Sikusikia tena kintu. Niliona kinywa yake tu inatembea.

Kisha nilisikia tena: "Aliniita Yaya, kaka yake mukubwa. Mara mbili."

Njo sababu hakuingia mu matanga. Haiko aibu ya kurudi maskini, haiko ugonjwa. Angesimama namna gani mbele ya mama yangu?

Alisema nisiandike fishi. Mashine ikija, atatoka na kitanda yake, ataenda mbele. "Acha nibaki vile niko. Wewe uko na nyumba yako." Aliisema na upole. Upole wake njo uliniumiza.

Naandika hii hapa juu hakuna fasi ingine. Nikiacha fishi mutupu, yeye anabaki mufu, mimi nabaki bibi ya Alphonse, Nono anabaki mutoto wa ndoa, Plamedie anaendelea kuomba. Hakuna muntu atajua. Ni vyepesi. Ni kufunga kitabu tu.

Na saa ingine nafikiri: aende, azame vile Jephté alizama. Nilifikiri vile. Nimeandika.

Siku ya tatu, 11/6

Milango tatu. Nilikosea majina mbili. Abigaël alisema nipumzike.

Jephté alikuwa na miaka kumi na tisa. Mimi njo nilimutuma aende Kilwa, juu nilikuwa naogopa Ruphin asisafiri peke yake. Hii pia sijamwambia muntu.

Siku ya ine, 12/6

Nilimwambia Alphonse.

Alikuwa pa meza, anasahihisha bitabu ya banafunzi, mitihani iko karibu. Batoto balikuwa kwa jirani. Nilisema yote mara moja, nimesimama: Ruphin hakufa, iko mu usine ya bunga, nilimuona, nilisema naye mara tatu. Neno ya bidon sikusema. Ile iko ya nani kusema?

Alimaliza page yenye alikuwa nayo. Aliandika note, pointi ya mwanafunzi, akafunga kitabu, akaiweka juu ya bingine, akazinyoosha zikae sawa.

"Na mimi sasa niko nani?" aliuliza.

"Sijui."

"Plamedie ananiita Papa."

"Najua."

Aliinuka, akaenda ku dirisha. Nilitaka anitukane. Ingekuwa rahisi. Aliuliza kama nilijua mbele, hata kidogo, hata fununu. Nikasema hapana. Akasema anaamini. Kisha akauliza kama bado namupenda ule muntu, na mimi nikakosa jibu, si juu namupenda, ni juu sikujua namna ya kusema nini iko ndani yangu wakati namuona. Alichukua kimya yangu vile alitaka.

Kisha alisema: "Andika jina yake. Sitaweza kuishi na mufu mwenye anapumua nusu saa kutoka hapa. Na Mama Chisanga anakaa mu kiti yangu kila mwezi."

Siku ya tano, 13/6

Nimeandika.

Nilienda na Abigaël, vile sheria inataka. Ruphin alikuwa amefunga bintu yake mu shuka, tayari kuenda. Nilisimama mu mulango.

"Jina," nilisema.

"Mado."

"Jina, Papa. Niko ku kazi."

Alitazama Abigaël, akatazama mimi. Kisha akasema polepole, kama jina ya muntu mwingine: Kapya Ruphin. Abigaël alipiga foto. Alimwambia anyooshe kichwa, akanyoosha.

Fishi inauliza: muntu iko na bibi, hana, ao ni mujane? Kalamu yangu ilisimama pale. Ruphin aliona. Niliruka ile mustari, nikaweka signature yangu chini.

Saa tisa Clément alipokea ma-fishi. Anazisoma moja moja, ni muntu wa makini. Kwa 67 aliweka kidole pa fasi mutupu. "Mama Mado, hapa umesahau."

Nikasema: "Sikusahau."

Alinitazama juu ya malunettes ya macho yake. Kisha akaweka fishi mu sanduku pamoja na ingine. Liste inabandikwa siku ya kwanza, tarehe 16.

Siku ya posho, ya sita, 14/6

Naandika mu gari, magoti yangu njo meza.

Asubuhi Alphonse alivaa shati yake ya kanisa. Alisema Mama Chisanga hawezi kusikia hii ku soko, mu kinywa ya muntu mwenye alisoma ukuta. Aliomba gari kwa mwalimu mwenzake. Kwanza tupite usine ya bunga, tumuchukue Ruphin.

Babwana bawili balisalimiana. Mikono. "Jambo." "Jambo." Alphonse alimufungulia mulango wa mbele, Ruphin akakataa, akaingia nyuma. Mimi nilikaa mbele. Njia yote hakuna muntu alisema, isipokuwa Alphonse aliuliza mara moja kama baridi inaingia kule nyuma, Ruphin akasema hapana.

Plamedie tulimuacha na Nono. Hajui bado. Alisimama pa mulango wa lupango, aliuliza juu ya nini tunaenda kwa Nkambo, nyanya yake, siku isiyo ya Nkambo. Nilimwambia nitaeleza tukirudi. Iko na miaka kumi na tano, anajua kusoma uso wangu.

Sasa tuko Annexe, pembeni ya shamba ya Mama Chisanga. Naona mulango wake. Alphonse aliingia kwanza, peke yake, amutayarishe. Ni yeye alitaka. Alisema kama Mama akianguka, afadhali amuangukie yeye.

Ni muda sasa. Nilingojea kilio. Hakuna kilio.

Ruphin iko nyuma yangu. Nasikia pumzi yake. Ameniuliza kama nitamwambia mama yake mambo ya Jephté. Nilisema hiyo ni kinywa yake, haiko yangu. Nilisema pia ataisema mbele ya kaburi ya mama yangu, na mimi nitakuwa pale.

Alphonse ametoka. Anakuja polepole katikati ya mistari ya lengalenga, hataki kukanyaga. Macho yake ni mekundu. Ameinama ku dirisha, hasemi na mimi, anasema na yule wa nyuma.

"Mama anauliza kama umekula."

Ruphin hajafungua mulango. Alphonse bado anangojea, mukono juu ya gari. Na kule, mu mulango wa nyumba, Mama Chisanga amesimama na sahani, hatembei, anatazama huku. Naweka kalamu chini.