Darasa la Tatu Ambalo Zaina Hakulipata

Kindu, Jumapili. Mvua inapiga mabati tangu asubuhi, na hapa mtaani Kasuku hata pikipiki zimenyamaza. Mwili wangu uko hapa. Moyo uko nyuma, miaka ya vita.

Ni kwa sababu ya Zaina, binti wa kaka yangu. Yuko darasa la sita, na mwalimu wake ametuambia wazi: asipojua kugawanya, mtihani wa kumaliza shule ya msingi utamwangusha. Kaka anasema mtoto ni mvivu. Akianguka, shule imekwisha.

Mimi nilijifunza kugawanya wakati askari walipokuwa wakilala katika darasa letu na madawati yalikuwa kuni zao. Mama aliandika hesabu kwa mkaa kwenye mlango wa jikoni. Tulihesabu kwa kokwa za chikichi. Mlango ukijaa, tunaufuta kwa majani ya muhogo, tunaanza tena. Chumvi hatukuwa nayo. Lakini Mama nilikuwa naye mchana kutwa.

Naona haya kuliandika: ninapatamani pale jikoni.

Baba alikuwa amekimbilia upande wa Pangi, na Mama hakugawa chakula bila kumwekea sehemu yake. Shule ilipofunguliwa, mwalimu akauliza: samaki kumi na wawili, watoto watatu, kila mmoja anapata wangapi? Nikajibu: watatu.

"Na wale wengine umekula weye?" Darasa zima likacheka.

"Ni wa Baba, mwalimu. Hajarudi bado."

Mwalimu akashusha chaki. "Sawa. Lakini kwa mutihani, baba hayumo."

Shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, Zaina alikuwa na nyumba tulivu na chumvi tele. Mtu wa kukaa naye hakuwapo. Sisi wakubwa tulingoja tu zifunguliwe. Zilipofunguliwa, watoto wakapandishwa darasa kama vile hakuna kilichotokea.

Leo nimekaa naye, mimi shangazi yake. Nikamuuliza kwa Kiswahili: ndizi themanini na nne, watu sita? Akafumba macho, midomo ikacheza.

"Kumi na ine, Tanti."

Nikamsomea hesabu ileile kwa Kifaransa, kama ilivyo kitabuni. Akanitazama kama niliyezima taa.

"Tanti, ile njo walitufundishaka wakati gani?"

Darasa la tatu. Katika shule yao, hapo ndipo hesabu zinapohama kutoka Kiswahili kwenda Kifaransa. Na Zaina akiwa hapo ndipo shule zilipofungwa.

Si mvivu.

Nimemwambia kaka yangu. Akaguna: "Basi umufundishe weye."

Nimekubali. Kesho, mvua ikate au isikate, tunaanza na kitabu cha darasa la tatu. Zaina ameomba tukivalishe gazeti, wadogo zake wasijue anasoma nini. Gazeti ninalo.

Muda je, utatutosha?