Mbwa wa Mpishi Alivyonifungua Mdomo

Saboti

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku tuko salama. Babu yako amemaliza kupalilia mahindi, na shangazi yako amejifungua msichana.

Umeniuliza kama ni ujinga kukaa na yule mbwa ambaye mwalimu wa ushauri huleta shuleni kwenu Bungoma, maana wenzako wanakucheka. Si ujinga hata kidogo.

Mama yangu alipofariki, nilirudi shule ya bweni kule Misikhu nikiwa sisemi na mtu. Walimu waliniuliza kwa upole, nami nikawa natoroka kwenda kukaa nje ya jiko la shule. Siku moja mbwa wa mpishi alikuja akalaza kichwa magotini pangu, akatulia. Nikajikuta namwambia, "Sikumuaga mama." Nililia sana.

Mpishi alinisikia kutoka jikoni. Akasema, "Si umeweza kusema? Haya, enda umwambie mwalimu pia."

Nilienda jioni hiyo hiyo. Maneno yalikuwa yale yale, lakini sasa yalitoka.

Kwa hivyo kaa na mbwa wako, wacha wacheke. Kisha unipigie simu. Najua kuna jambo hujaniambia, na mimi nina nafasi ya kutosha kulisikia.

Kukhu wako,
Nasimiyu