Kaburi Asilolijua Badru

Mabawa,
Tanga.
12 Agosti 2025

Mpendwa Dada Sabiha,

Shikamoo. Vipi Maskati na joto lake? Goti limepoa, au bado unapanda ngazi kwa kushika ukuta? Sisi wazima, alhamdulillahi. Mume wangu Mselem homa imemwachia, anakusalimu.

Dada, nimelipiza kisasi kwa kaka yetu Badru, na sijutii.

Unajua siku hizi ni mwandishi mkubwa huko Dar, anafundisha watu falsafa ya kuishi: namna ya kusamehe, namna ya kula kwa utulivu, hata namna ya kusimama foleni bila hasira. Kitabu chake kipya kinahusu kufiwa. Ameandika kwamba alimshika Mama mkono akikata roho, na Mama akamwambia, "Mwanangu, usiogope, kufa ni kurudi nyumbani."

Kiharusi kilimfunga Mama ulimi tangu Ramadhani ya mwaka juzi mpaka alipofariki. Mimi ndiye niliyekuwa nikimgeuza kitandani na kumlisha uji kwa kijiko. Badru hata kuzika hakuja.

Jumamosi alikuja kukizindua kitabu hicho hapa Tanga, Ngamiani. Ukumbi ulijaa. Ulipofika wakati wa maswali, nikasimama.

"Kaka, Mama alikuwa hawezi kusema. Hayo maneno aliyatamkaje? Na wewe ulikuwa wapi?"

Akatabasamu. "Zuwena, kwenye falsafa ukweli si lazima uwe jambo lililotokea."

"Basi waambie kwamba hukuwepo."

Jirani yetu Mzee Jumbe, aliyeingia kaburini kumpokea Mama, akakirudisha kitabu mezani, akatoka. Wengine wakamfuata.

Asubuhi yake Badru akaja nyumbani, macho mekundu, akaniomba nimpeleke kwenye kaburi la Mama. Nikamwambia akalitafute mwenyewe. Makaburi yale mengi hayana majina. Alizunguka mpaka karibu na adhuhuri, mimi niko njiani namtazama, na moyo wangu ulitulia kama ambavyo haukuwahi kutulia tangu msiba. Mwishowe akachuchumaa, akainua mikono, akalia na kuomba dua kwenye kaburi la mtu mwingine.

Sikumwambia.

Wewe nilikuonyesha la Mama ulipokuja likizo. Akikupigia simu kuuliza, nakusihi usimwelekeze. Bado.

Nisalimie shemeji Rahimu, na Najat umbusu kwa niaba yangu. Mola akutunze huko ugenini, akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Mdogo wako akupendaye,
Zuwena