Tulitoka Umoja, Geti Likabaki Kwao

Jumatatu, 3 Februari 2025

Leo tena hatujauza kitu. Jua la stendi ya Mbezi Luis halina huruma! Abiria wanashuka na mabegi yao, wanatutazama kama tumepotea njia. Mama mmoja alisimama, moyo ukaniruka. Akauliza kama nina mwiko wa ugali. Nikamwambia sie tunauza vinyago vya mpingo. Akasema basi hata kinu? Kaka Polikarpo alicheka mpaka akaweka tezo chini. Mie sikucheka.

Kule Mwenge, kwenye uwanja wa Umoja wa Wachongaji, mabasi ya watalii yanaingia getini yenyewe. Ila kuna zamu. Basi likija, mwenye zamu ndiye anapokea wageni, hata kama vinyago vyake vina makengeza. Mgeni kashakishika kinyago cha kaka, anavutwa mkono apelekwe kwa mwenye zamu! Ndiyo maana nilisimama mkutanoni nikasema tunatoka Umoja. Wengine walipiga makofi. Hakuna aliyetufuata.

Sijuti kutoka. Ninachotaka ni lile geti tu.

Alhamisi, 6 Februari

Nimekwenda Mwenge kuonana na Mzee Twalib, mwenyekiti. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia vizuri, akaniagizia kahawa. Nikamweleza: tuuze uwanjani, ushuru wa geti tutalipa kama wengine, ila uanachama hapana. Akasema hana kinyongo. Lakini anayepita getini anafuata sheria za ndani, zote. Zamu iko palepale, na sie tutakuwa wa mwisho. Na kwenye mikutano? Tutakaribishwa, tutakaa, tutasikiliza. Kunyoosha mkono ni kwa wanachama.

Yaani nimetoka kwa sababu ya zamu, nirudi kwenye zamu ileile, tena bila mdomo!

Kondo muuza kahawa naye hakuniacha. Eti sie ndio Waingereza wa Mwenge: wametoka Umoja wa Ulaya, soko la Ulaya bado wanalitaka. Uwanja mzima ukacheka. Sijui redio yake huwa anaisikiliza saa ngapi, na kahawa yenyewe haikuwa na tangawizi.

Jumapili, 9 Februari

Tumegombana na kaka baada ya misa. Yeye anasema tukubali. Mie nasema heshima. Yeye anasema heshima haipikwi. Nikaondoka kwa hasira, nikaenda kuwasha jiko.

Jumatano, 12 Februari

Nimekubali. Mzee Twalib amefurahi kweli, si unafiki. Halafu, wakati naaga, akakumbuka jambo. Tulipokuwa nje walipitisha sheria mpya: kinyago kisizidi dhiraa moja, kiwiko mpaka ncha ya kidole. Watalii walikuwa wanavirudisha kwa kuwa haviingii kwenye mabegi. Kinachozidi hakipiti getini.

Nilitamani kulia palepale. Kaka tangu masika iliyopita anachonga kitu kimoja tu. Gogo moja, kimo chake kinanifika kifuani, watu wamebebana. Chini kabisa ni bibi yetu, Bibi Auleria, aliyetulea Newala. Amembeba mama, mama ametubeba sie, mpaka juu kwa kitoto kisicho na jina. Hakuna kiungo wala gundi. Vidogo vyetu vimebaki vichache, tena vile ambavyo hata Mbezi walivipita. Tegemeo letu ni hicho.

Nikamuuliza Mzee kwa nini hakuna aliyepinga. Akasema walipinga kidogo. Mchonga vikubwa hodari ni Polikarpo, na Polikarpo hakuwepo.

Ijumaa, 14 Februari

Mkutano. Tumekaa nyuma, kwenye benchi la wageni. Mauwa, aliyekuwa jirani yetu wa kibanda, Mungu ampe maisha marefu, akasimama akaomba vinyago vikubwa viruhusiwe walau kwa mwenye zamu. Wakabishana sana. Mwisho wakaitwa wanaomuunga mkono.

Nikanyoosha mkono. Mazoea tu! Mzee Twalib akaniangalia, akasema kwa upole: Noela mwanangu, shusha. Angenifokea ingekuwa nafuu.

Wakahesabu. Sare. Wakahesabu tena. Sare. Na ikiwa sare, sheria inabaki ilivyo.

Nilikuwa nimeukalia mkono wangu. Wa kaka ulikuwa mfukoni.

Jumamosi, 15 Februari

Zamu yetu ni keshokutwa. Watu wote wanasema kuna basi kubwa linakuja.

Kaka hajanywa hata chai. Amekilaza kinyago uani, amepima kwa mkono wake mwenyewe, amepiga mistari ya chaki kila dhiraa. Mstari wa kwanza umepita kwenye viganja vya Bibi, pale anaposhika miguu ya mama. Nikamwambia aache, turudi Mbezi Luis. Akauliza, tukauze miko? Nikasema basi tujiunge upya na Umoja, tupige kura. Akasema mwanachama mpya anangoja mwaka mzima ndipo anyooshe mkono, na kwamba sheria hiyo mie naikumbuka, kwa sababu niliiunga mkono mwenyewe.

Kweli niliiunga mkono. Kwa sauti kubwa!

Naandika nikiwa mlangoni. Ananoa msumeno. Nimemsihi, ananoa tu.

Sasa ameacha. Ananiita. Anasema nije nimshike Bibi, asiyumbe.